Maabara ya Lugha Haipati Ufadhili: Dalili, Visababishi na pa Kuanzia Kurekebisha

Andiko langu la kwanza la kuomba maabara ya lugha lilikuwa na kurasa 19, na 11 kati ya hizo zilikuwa picha za kompyuta. Lilikataliwa kwa mistari miwili. Wakati huo nilikuwa nafundisha Kifaransa sekondari. Tangu hapo walimu wenzangu wa Kifaransa, Kichina, Kiarabu, hata Kiingereza, hunitumia ya kwao niyasome kabla hayajatumwa au, mara nyingi zaidi, yakisharudi. Matatizo ni yaleyale. Nimeyapanga kwa dalili, kama fundi anavyouliza "gari linafanyaje?" kabla hajafungua boneti. Mifano mingi ni ya Tanzania maana ndiko ninakokujua. Wa Kenya na Uganda mtabadilisha majina ya ofisi tu.

Kabla ya dalili yoyote, pimeni jambo moja: je, mnahitaji maabara kweli? Chukua kipindi cha dakika 40 na darasa la wanafunzi 50. Hata mwalimu akinyamaza kipindi kizima, kila mwanafunzi anapata sekunde 48 za kusema. Toa muda wa kuita majina, wa kufuta ubao na wa mwalimu kueleza, kinachobaki ni salamu na jina lake. Maabara ya lugha inatibu hapo: wote 50 wanasikiliza na kusema kwa pamoja, kila mmoja anajisikia sauti yake aliyoirekodi, na mwalimu anamwingilia mmojammoja bila kusimamisha wengine. Kama mna wanafunzi 12 wa Kichina, hamna ugonjwa huo. Nunueni spika nzuri na mtumie simu mbili za kurekodia, mambo mengine yasubiri.

Dalili ya 1: Mmetuma maombi, miezi inapita, kimya

Haya ndiyo malalamiko yanayoongoza, na mara nyingi kisababishi ni kwamba ombi limekwenda nje ya msimu. Mifuko midogo ya balozi haipokei maombi mwaka mzima. Hutangaza wito, hupokea kwa wiki chache, kisha hufunga. Barua iliyofika Machi kwa mfuko unaofunguliwa Agosti haiwekwi kabatini kungoja. Tafuteni tarehe ya wito wa mwaka jana kwenye tovuti ya ubalozi au taasisi husika, mrudi nyuma miezi miwili, mwandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi ya taaluma kwa kalamu nyekundu.

Kisababishi cha pili: mmebisha mlango usiotoa mnachoomba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo shule nyingi zinapopoteza mwaka mzima. Fedha ya maabara ya lugha iko kwenye mifuko ya watu wa aina tatu, na kila mmoja ana anachopenda kutoa.

Wa kwanza ni mwenye lugha. Kwa Kifaransa kuna Ubalozi wa Ufaransa na Alliance Française za Dar es Salaam na Arusha. Kwa Kichina kuna Taasisi za Confucius zilizoko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa Kijerumani kuna Goethe-Institut, na kuna mpango wa shule washirika unaoitwa PASCH, ulioanzishwa 2008 na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Mwenye lugha anataka lugha yake isemwe. Kwa hiyo hutoa mafunzo ya walimu, vitabu, mitihani ya kimataifa, safari za wanafunzi bora, pengine hata mwalimu wa kujitolea. Ukimwomba kompyuta 40 na viyoyozi viwili atakutazama kama umemwomba mwenye duka la vitabu akuuzie saruji.

Wa pili ni mwenye majengo na vifaa. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inasimamia Mfuko wa Elimu wa Taifa chini ya Sheria Na. 8 ya 2001, na huo ni mlango wa miundombinu na vifaa. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka kompyuta shule za umma. Ubalozi wa Japani una misaada ya miradi midogo ya jamii ambayo imejenga madarasa na mabweni mengi nchini. Huo hutazama kitu kinachosimama na kuonekana, na haulipi mishahara wala gharama za uendeshaji. Baadhi ya benki kubwa hutenga sehemu ya faida yao kwa ajili ya jamii, na elimu ni eneo wanalolipenda. Na kama shule iko Geita, Kahama, Tarime au penginepo palipo na mgodi, someni Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa 2017: mwenye leseni anatakiwa kuandaa mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Maana yake, ombi la maabara linatakiwa liingie kwenye mpango wa halmashauri kabla mgodi na halmashauri hawajakaa mezani. Mkimpelekea meneja wa mgodi barua baada ya hapo, atawajibu kwa upole kwamba fedha ya mwaka huu imeshapangwa, na atakuwa anasema kweli.

Wa tatu ni wa nyumbani: mapato ya ndani ya halmashauri, Mfuko wa Jimbo, wahitimu wenu wa zamani. Hawa wanadharauliwa, lakini ndio wanaoweza kuziba paa, kuweka nondo madirishani na kuvuta umeme.

Basi gawanyeni maabara vipande vitatu. Chumba, milango na umeme kwa wa nyumbani. Mashine kwa mwenye vifaa. Mafunzo na vitabu kwa mwenye lugha. Kila barua itaje hizo mbili nyingine zimefikia wapi. Sijaona kitu kinachomtuliza mfadhili kama kujua kwamba hayuko peke yake.

Visababishi vinavyofuata ni vyepesi. Ombi limetumwa kwa barua pepe binafsi ya mwalimu, na picha zenye uzito wa MB 40, likaishia kwenye taka za kompyuta ya mtu. Punguzeni picha hadi tatu, tumeni kama PDF moja, na baada ya siku kumi za kazi pigeni simu muulize swali moja tu: limefika? Msiulize kama limepita.

Halafu kuna mfuko uliokufa. Orodha za "wafadhili 100 wa elimu" zinazozunguka kwenye WhatsApp hazifi, ila wafadhili waliomo hufa. Marekani ilisitisha misaada yake ya nje Januari 2025 na USAID ikafunga shughuli zake katikati ya mwaka huo, lakini hadi leo naletewa maandiko yaliyoelekezwa huko. Kama tovuti ya mfuko haina tangazo jipya la mwaka huu au uliopita, msimwandikie mpaka mpige simu.

Simameni hapa: shule ya serikali isiandikie ubalozi moja kwa moja. Barua ipite kwa Afisa Elimu Sekondari hadi kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Namjua mkuu wa shule aliyeruka hatua hiyo. Ubalozi ulipopiga simu halmashauri kuthibitisha, hakuna aliyekuwa na habari. Msaada haukuja, ila barua ya kujieleza ilikuja.

Dalili ya 2: "Hamkidhi vigezo"

Jibu hili lina nafuu kuliko kimya, maana mtu amesoma. Kwa kawaida tatizo ni aina ya mwombaji. Mfuko unatoa kwa asasi zisizo za kiserikali, ninyi ni shule ya umma. Au unatoa kwa taasisi zisizotengeneza faida, ninyi ni shule binafsi iliyosajiliwa kama kampuni. Someni tena ukurasa wa vigezo, sentensi ya "nani anaweza kuomba", kabla hamjagusa kitu kingine.

Kisababishi kinachofuata ni nyaraka: cheti cha usajili wa shule hakijaambatishwa, hesabu zilizokaguliwa hazipo, muhtasari wa kikao cha bodi ya shule kilichoridhia mradi haupo. Huo muhtasari husahaulika kuliko vyote. Mkuu wa shule huona bodi kama jambo la mwisho, mfadhili huiona kama uthibitisho kwamba mradi utabaki hata mkuu akihamishwa.

Kama kikwazo ni aina ya mwombaji, dawa ni kuomba pamoja na asasi iliyosajiliwa, yenye hesabu safi na iliyowahi kupokea fedha. Umoja wa wahitimu ulioandikishwa unaweza kufaa. Lakini fedha itaingia kwa asasi na mali itanunuliwa kwa jina lake, kwa hiyo msisaini makubaliano yoyote kabla mwanasheria wa halmashauri, au wakili kwa shule binafsi, hajayasoma. Mwulizeni mambo mawili tu: kompyuta ni za nani siku mradi ukiisha, na nani analipa kodi na ukaguzi. Nimeona lori likirudi kuchukua mashine shuleni mchana kweupe, wanafunzi wakitazama, na kisheria mwenye lori alikuwa sahihi.

Dalili ya 3: Andiko limesomwa, likakataliwa bila sababu

Kwa maoni yangu huu ndio ugonjwa wenyewe, na hizo nyingine ni homa zake.

*Kisababishi cha kwanza, kinachozidi vingine vyote vikiwekwa pamoja: andiko linaomba mashine.* Tazameni aya hii ya kufungulia, niliyoipokea karibu neno kwa neno kutoka shule tatu tofauti:

"Shule inaomba kompyuta 40, projekta 2, viyoyozi 2 na hedifoni 40 ili kuboresha ufundishaji na ujifunzaji wa lugha za kigeni kuendana na sayansi na teknolojia ya karne ya 21."

Msomaji akimaliza hapo anajua bei, hajui tatizo. Sasa hii, ambayo tuliiandika upya na mwalimu mmoja, takwimu nimezibadilisha kidogo:

"Kidato cha Pili tuna wanafunzi 104 wa Kifaransa, mikondo miwili. Kwa wiki moja tulipima muda ambao kila mwanafunzi anazungumza Kifaransa darasani. Wengi hawakufikisha sekunde 20 kwa kipindi, na 31 hawakufungua mdomo wiki nzima. Tunataka kila mmoja azungumze angalau dakika 8 katika kipindi kimoja cha maabara kwa wiki."

Kompyuta zimetajwa ukurasa wa tatu, na kufikia hapo msomaji ameshazihitaji yeye mwenyewe.

Takwimu hizo hazikumgharimu yule mwalimu hata shilingi. Alimpa mwanafunzi mmoja simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, akamkalisha nyuma na orodha ya darasa. Kila mwenzake akisema sentensi, anabonyeza, anaandika. Siku ya pili darasa zima likawa linamgeukia yule mpimaji badala ya kumtazama mwalimu, ikabidi siku hiyo ifutwe. Ya tatu wakazoea. Ile karatasi ya hesabu, yenye alama za wino zilizovuja, iliambatishwa kama ilivyo, na afisa wa ubalozi alipokuja kukagua shule kitu cha kwanza alichoomba kuona ni yule mwanafunzi.

*Cha pili: mwalimu ni mmoja.* Shule nyingi zina mwalimu mmoja wa Kifaransa au Kichina, na mfadhili anajua akihama chumba kinageuka stoo. Angalieni kama kuna mwalimu wa pili anayeweza kufundishwa, hata kama somo lake ni Kiingereza. Kuendesha maabara ni ufundi unaohamishika. Barua ya halmashauri inayosema nafasi ya mwalimu wa somo itazibwa ina uzito kuliko kurasa tano za "uendelevu wa mradi".

*Cha tatu: somo lenyewe ni dhaifu kwenye ratiba.* Kifaransa, Kiarabu na Kichina ni masomo ya kuchagua. Mfadhili akiona watahiniwa 6 tu waliosajiliwa kwa mtihani wa Kidato cha Nne, hatatoa fedha ya viti 40. Hapo hakuna ujanja wa maneno. Ama mwongeze wanafunzi kwanza, ama mwombe viti 15, ama mwandike maabara ya lugha zote pamoja na Kiingereza, ambacho kila mwanafunzi wa sekondari anakihitaji ili aelewe masomo mengine. Hili la mwisho ndilo ninaloshauri mara nyingi, ingawa walimu wenzangu wa Kifaransa hununa.

*Cha nne: chumvi.* "Wanafunzi wote 1,200 na jamii nzima inayozunguka watanufaika." Hawatanufaika. Siku hizi pia kila andiko linataja AFCON 2027 na wageni watakaokuja. Mashindano yatakuwa yamekwisha kabla swichi ya maabara haijawashwa. Mkitaka sababu ya kudumu, semeni iliyo karibu nanyi: Kigoma inapakana na Burundi na Kongo, nchi za Kifaransa na wanachama wenzetu wa Afrika Mashariki, na Kongo iliingia 2022 na soko lake lote. Arusha na Zanzibar zina watalii. Andikeni kijana wenu atatumia lugha hiyo wapi, kwa kutaja kazi yenyewe.

Dalili ya 4: Bajeti inarudishwa irekebishwe

Furahini, mko karibu. Angalieni haya kwanza: kila mstari una ankara ya awali ya duka? Jumla inajumlika? (Msicheke. Kosa la kujumlisha nimelikuta hata kwenye bajeti iliyosainiwa na mwalimu wa Hisabati.) Bei ina kodi ndani au nje?

Halafu zile ankara tatu za maduka matatu. Mfadhili akiona zote zimeandikwa kwa fonti moja na zote tatu zimekosea neno lilelile, anajua zimetoka kompyuta moja. Nendeni madukani kweli.

Kwenye vifaa, makosa mawili hujirudia. La kwanza ni hedifoni. Zinanunuliwa za bei ya chini zenye pini mbili, moja ya sauti na moja ya maiki, wakati kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja la pamoja. Matokeo yake mwanafunzi anasikia, ila hasikiki. Maabara ya lugha ambayo mtu hasikiki ni redio. Chukueni za USB zenye maiki ya kijiti kinachofika mdomoni na mto unaofutika, na muombe ziada, maana waya hukatika shingoni mwa pini ndani ya mwaka. Kabla ya kuandika idadi, nunueni moja, mkaijaribu kwenye kompyuta ya aina mnayokusudia kununua.

La pili ni umeme. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula takriban wati 100 hadi 150. Arobaini ni kilowati 4 hadi 6, kabla ya kiyoyozi. Kompyuta mpakato hula chini ya nusu ya hapo, na umeme ukikatika kipindi kinaendelea kwa betri. Bajeti isipokuwa na mstari wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na nani ataulipa, itarudi. Na hapa pia msimame: chumba kikuukuu cha darasa chenye soketi mbili hakibebi mzigo huo. Msiunganishe kwa waya za kurefusha. Mwiteni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime, na ripoti yake iwe kiambatisho.

Mtu yeyote, wa dukani au wa ofisini, akiwaambia mpandishe bei "ili kuwe na ya mezani", msibishane naye. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, simu haina malipo.

Dalili ya 5: Fedha imepitishwa, haiingii

Kisababishi cha kwanza ni jina la akaunti. Mkataba unasema "Secondary School", benki inasema "Sec. School", fedha inarudi ilikotoka. Nilikuwa benki na mkuu wetu siku tuliyoligundua. Dada wa dirishani akageuza skrini kidogo, akaonyesha kwa kidole: "Madam, huyu na huyu kwa mfumo ni watu wawili." Wiki tano zilikuwa zimepita. Ombeni barua ya benki yenye jina kamili la akaunti, mlinakili herufi kwa herufi kwenye mkataba.

Cha pili, mtia saini amehamishwa na mpya hajasajiliwa. Cha tatu, mkataba umesainiwa na mkuu wa shule pale ilipotakiwa saini ya Mkurugenzi. Cha nne kinahusu shule za umma: fedha imefika lakini hainunuliki, kwa sababu manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, uliochukua nafasi ya ule wa zamani mwaka 2023, na shule haijaanza hata kuandaa mahitaji. Mfadhili anayetaka risiti ndani ya miezi mitatu hajui hayo. Mwambieni kabla ya kusaini, aweke muda unaotosha. Ofisa manunuzi wa halmashauri ndiye mtaalamu wa kuita hapa, na msimwite siku ya mwisho.

Dalili ya 6: "Ombi lenu limekubaliwa, lipeni ada ya kufungua faili"

Kisababishi ni kimoja: utapeli. Mfuko wa kweli haukuombi ulipe ili upewe. Hata kama barua ina nembo, hata kama anayepiga anazungumza Kifaransa kizuri, hata kama kiasi ni 50,000 tu. Hakuna cha kukagua. Msitume nakala za vitambulisho wala taarifa za akaunti, namba iliyowapigia ripotini kwa kutuma ujumbe 15040, na kama mmeshalipa, leo hii nendeni polisi na kwa mtandao wa simu mliotumia.

Dalili ya 7: Msaada umekuja, umekwama bandarini

Shule rafiki ya Ulaya imekusanya kompyuta zilizotumika, imezipakia kwenye kontena, imewatumia picha za watoto wakipunga mikono. Nyote mmefurahi. Kisha wakala wa forodha anapiga simu.

Mara nyingi shida ni kwamba msamaha wa kodi haukuombwa kabla. Msamaha, pale sheria inapouruhusu, huombwa kwa nyaraka kamili wakati mzigo haujaondoka huko. Siku za bure za bandarini zikiisha, tozo za kuhifadhi mzigo na za kukaa na kontena la mwenye meli zinaanza kukimbia kila siku, na hazijali kama ni la shule au la mfanyabiashara. Shida inayofuata: jina la mpokeaji kwenye hati ya meli ni la mwalimu binafsi badala ya shule au halmashauri, na msamaha wa shule haumfikii mtu binafsi. La tatu ni orodha ya mzigo isiyolingana na kilichomo, kwa sababu siku ya kupakia mzee mmoja mkarimu alitupia baiskeli sita na magunia ya nguo.

Mzigo ukiwa bado haujapakiwa, zuieni. Andikeni: "Tunashukuru sana, tafadhali msisafirishe mpaka tuwatumie kibali." Na muulize umri wa kompyuta. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zinazotolewa sasa zinatolewa kwa sababu haziwezi kupokea Windows 11. Bado zinaweza kufaa mkiweka Linux, kama yupo wa kuiweka na kuitunza. Kama hayupo, mtakuwa mmelipia usafiri wa taka. Mara nyingi nauli ya kontena, ikitumwa kama fedha, ingenunua mashine mpya hapahapa, zenye dhamana. Kumwambia hivyo rafiki wa Ulaya kunahitaji adabu, lakini mwambieni.

Kama kontena limeshafika, msijaribu wenyewe wala msimtumie kijana "anayejuana na watu bandarini". Wakala wa forodha mwenye leseni na barua ya halmashauri, siku hiyohiyo. Kila siku mnayongoja ina bei.

Dalili ya 8: Awamu ya kwanza ilitolewa, ya pili mfadhili hataki

Ripoti haikutumwa, au ilitumwa picha za kukata utepe. Mara nyingi ni hilo. Pia hutokea maabara imemezwa: somo la kompyuta limehamia humo, halafu mitihani ya majaribio, halafu vikao vya walimu, na wa Kifaransa wanaingia Ijumaa kipindi cha mwisho umeme ukiwepo. Mara chache ni leseni ya programu ya mwaka mmoja iliyoisha, na hakuna aliyekuwa ameiandika kwenye bajeti ya mwaka wa pili.

Wekeni daftari la kawaida mlangoni, lenye safu tano: tarehe, darasa, lugha, idadi ya waliokaa, kilichoharibika. Kiongozi wa darasa ndiye anaandika, mwalimu anasaini. Mwisho wa muhula piga picha kurasa zote, rudia kile kipimo cha sekunde cha Dalili ya 3, tuma vyote viwili kwa mfadhili hata kama hajauliza. Shule moja ninayoisaidia daftari lao limejaa "hedifoni na. 17 maiki haifanyi", tena na tena, kwa mwandiko wa watoto tofauti, kwa miezi mitatu. Mkuu aliona aibu kulituma. Tulilituma. Jibu lilikuja na hedifoni kumi na swali moja: kwa nini ni namba 17 tu? Tukaenda kuangalia. Meza hiyo iko chini ya dirisha lililovunjika, na mvua inaingia.